Picha ya kikauboi ndani ya Dodoma: umbali kwanza, kofia baadaye

Wengi wanaotaka kupiga picha ya kikauboi, yaani filamu, huanza kwa kutafuta kofia ya pama na farasi. Kofia inapatikana kwenye mtumba kabla ya saa nne asubuhi, farasi haonekani, na mradi unafia hapo hapo. Ni hasara ya bure. Kauboi ni mchunga ng'ombe tu, na Dodoma ina wachungaji, ng'ombe, vumbi, reli ya zamani na visima vya kugombaniwa. Kinachoifanya picha iwe ya kikauboi ni umbali: mtu anaonekana anakuja muda mrefu kabla hajafika, na kituo cha polisi kiko mbali kiasi kwamba likizuka jambo leo, wenyewe watalimaliza kabla sheria haijapata usafiri.

Waitaliano wa miaka ya 1960, Sergio Leone akiwa mstari wa mbele, walipiga makauboi wao kwenye nyika kavu ya Almería, kusini mwa Hispania, na dunia ikawakubali. Walichokitafuta kule ni ukavu na upeo wa macho usio na kizuizi. Hivyo viwili Bahi na Kondoa, wilaya za Dodoma, zinavyo vya kutosha.

Maelezo haya ni ya picha fupi ya dakika 15, watu 9 nyuma ya kamera, waigizaji 4, siku 6 za kupiga. Ukiwa na fedha zaidi ongeza siku, usiongeze watu.

Ugomvi uzaliwe na ardhi

Kosa kubwa la hadithi ni kuazima ugomvi. Mtu anaandika majambazi wamevamia benki, wakati kijiji chake hakina hata wakala wa kutolea pesa. Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, haina haja ya kuazima. Karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilivuka kwanza Marenga Mkali, kipande cha nyika kisicho na maji ya maana, kisha ikaingia kwa watemi wa Kigogo na kudaiwa hongo, yaani ushuru wa njia, wa vitambaa, shanga na waya ndipo ipite na kunywa. Lisome hilo kwa jicho la mwandishi: yupo mwenye kiu, yupo mwenye kisima, na bei anaipanga mwenye kisima. Hapo picha imeshakamilika, imebaki kuwapa watu majina.

Ukitaka ya karibuni zaidi, nenda Kondoa. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoliwa na mmomonyoko. Ardhi ilihitaji kupumzika, mfugaji alihitaji malisho. Wote wawili wana haki, na ndiyo maana ugomvi wa namna hiyo unabeba picha.

Adui asiye na haki yoyote ni adui wa katuni. Mpe sababu ambayo mtazamaji akiisikia atanyamaza kidogo. Tutumie mfano mmoja hadi mwisho, tuuite "Kufuli". Kijana ametoka mnada wa Msalato kuuza ng'ombe wawili, anarudi kwao na punda. Njiani anakuta pampu ya kijiji imefungwa kufuli. Funguo anao mzee mmoja, ambaye mwaka jana aliuza dume lake ili pampu itengenezwe. Kijiji kiliahidi kumrudishia, hakikumrudishia. Sasa anauza maji, dumu kwa dumu. Kijana hela anazo, ila ni za matibabu ya mama yake. Nani mbaya hapo? Ukishindwa kujibu haraka, endelea kuandika.

Kuhusu ile sheria ya kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, kwamba steringi hafi: unaweza kuivunja, lakini umuue kwa jambo alilolichagua mwenyewe. Akifa kwa ajali, watu watakudai kiingilio chao.

Maneno yapunguzwe hadi yaume

Picha zetu nyingi zinaongea sana kwa sababu mwandishi anaogopa kimya. Kwenye kauboi kimya ndicho kinachofanya kazi. Andika mazungumzo yote unayoyataka, kisha pita na kalamu nyekundu ukikata kila sentensi inayoeleza kitu ambacho kamera itakionyesha.

Rasimu ya kwanza ya kisimani huwa hivi: "Shikamoo mzee, mimi natoka mnadani Msalato, nimetembea tangu alfajiri, punda wangu hajanywa maji tangu jana, naomba unifungulie kisima." Baada ya kalamu nyekundu inabaki:

"Mbukwenyi."

"Mbukwa. Kimefungwa."

"Funguo anao nani, mzee?"

Mzee anaendelea kuchonga mpini. Mnyororo wa funguo uko shingoni kwake, tunauona sisi na kijana.

Salamu haikukatwa, na isikatwe. Hapa mtu hawezi kuanza kudai maji bila kusalimu, hata kama amekuja kuua. Adabu hiyo ndiyo inayotia hofu: watu wawili wanaojua watapigana bado wanaitana mzee na mwanangu. Kwa kipimo cha kawaida ukurasa mmoja wa hadithi ni dakika moja ya picha. Kauboi iliyokatwa vizuri hukupa karibu dakika mbili kwa ukurasa. Kwa hiyo dakika 15 ni kurasa 8 hivi. Zikizidi 10, rudisha kalamu.

Mahali pa kusimamisha kamera

Msimu wa kupiga ni Juni hadi Oktoba. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Machi au Aprili, na baada yake nyasi hukaa kijani kwa wiki kadhaa. Ukianza Mei utapata picha ya harusi.

Tambarare ya Bahi inakupa upeo ulionyooka na, kwa magharibi, ukuta wa Bonde la Ufa ukipanda kuelekea Manyoni. Kondoa inakupa makorongo ya udongo mwekundu na mito ya mchanga ambamo watu huchimba kwa mikono kutafuta maji. Karibu na mji kuna milima ya mawe ya matale na mibuyu. Usichanganye udongo: wa Kondoa ni mwekundu, wa Bahi umepauka kuelekea kijivu, na mtazamaji ataona kwamba buti za kijana zimebadilika rangi kati ya hatua mbili. Chagua eneo moja, zunguka ndani ya kilomita 5 tu, maliza kazi hapo. Michoro ya mapangoni ya Kolo iko kwenye urithi wa dunia tangu 2006. Usiifanye ukuta wa nyuma wa mapigano, wala usiwashe moto wala kumwaga maji karibu nayo.

Nyumba ya tembe ni zawadi. Paa la udongo liko chini, mlango mfupi, ndani giza. Weka kamera ndani, pima mwanga wa nje, mwache anayeingia awe kivuli cheusi mlangoni. Lakini usimpandishe mwigizaji juu ya paa kuukuu: boriti zikishaliwa na mchwa, kwa chini hazionyeshi chochote.

Jua, pama na uso uliopotea

Hapa ndipo picha nyingi za nyumbani zinapoharibika.

Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapanda wima na kudondoka wima. Mwezi Julai linachomoza karibu saa 12:45 asubuhi na kuzama karibu saa 12:40 jioni. Ule mwanga wa dhahabu unaopendwa na kila mtu hudumu dakika 35 hivi kila upande, basi. Hesabu pozi zako, yaani vipande vinavyopigwa bila kuzima kamera: kwenye dakika 35 kikosi kilichozoea kinapata pozi 5 au 6, kikosi kigeni 3. Anayepanga pozi 15 za jioni moja atamalizia na taa za pikipiki.

Mchana shida ni kofia. Ukingo wa pama ukiwa na upana wa sentimita 8 au 10, saa sita hadi saa nane kivuli chake kinafunika uso hadi kidevuni, na macho yanapotea. Mwanzoni mwa Oktoba ni balaa, maana jua linapita utosini kabisa. Tandika shuka jeupe la mita 2 kwa 2 chini, mbele ya miguu ya mwigizaji, nje kidogo ya fremu. Litarudisha mwanga chini ya ukingo. Karatasi ya alumini inang'aa kupita kiasi, mwigizaji atakunja uso kama anakula ndimu. Ngozi nyeusi inapenda mwanga wa pembeni na mng'ao mdogo, kwa hiyo paka mafuta ya mgando kidogo kwenye mashavu na paji, kisha pulizia vumbi lililochujwa kwa chujio la chai, kidogo sana. Vumbi likizidi mtu anaonekana mgonjwa, si msafiri.

Namba zenyewe. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50. Mchana usio na wingu, kwa ISO 100, yaani wepesi mdogo wa kushika mwanga, kamera itadai f/22, tundu dogo sana la lenzi. Ukitaka f/5.6, tundu kubwa zaidi, funga kichujio cha ND16, kioo cheusi cha kupunguza mwanga; f/4, ND32; f/2.8, ND64. Simu haina tundu la kufunga, nyingi ziko karibu na f/1.8, kwa hiyo hata kwa ISO 50 unahitaji ND64 au zaidi. Usipoifunga, simu itakimbilia shata ya 1/4000 na miguu ya punda itaruka kama ya katuni. Rangi nazo usiiachie kamera ijiamulie: funga kwenye kelvini 5500, la sivyo kila wingu likipita udongo unabadilika.

Fremu iwe pana, uwiano wa 2.35 kwa 1. Kwenye picha ya 1920 unabaki na urefu wa pikseli 817. Bandika utepe kwenye kioo cha kamera ili uone mpaka wakati wa kupiga. Anayekata baadaye hukata na vichwa vya watu.

Lenzi mbili zinatosha. Ya milimita 24 kwa nchi, ya 85 hadi 200 kwa watu. Pozi la mtu anayekuja kutoka mbali lipige kwa 200, kamera ikiwa nusu mita kutoka ardhini, kati ya saa 6 na saa 9 mchana, wakati hewa inacheza juu ya udongo wa moto. Mweke mwigizaji mita 400, aje mpaka mita 80. Kwa mwendo wa kawaida, mita 80 kwa dakika, atatumia dakika 4. Usikate. Utatumia sekunde 25 tu, lakini hutajua zipi mpaka umalize zote. Kwa megabiti 100 kwa sekunde zitakula kama gigabaiti 3 za kadi. Kwa mita 400 mwigizaji hakusikii, mpe simu mfukoni, iwe mtetemo. Hewa hiyo hiyo inayocheza ni adui wa pozi la uso: ukipiga macho kwa lenzi ndefu ukiwa mbali mchana, utapata uji. Kwa uso, sogea.

Pozi jingine ambalo kauboi imelifanya lake ni la kuanzia katikati ya paja kwenda juu, ili mkono na silaha vionekane pamoja na uso. Kwetu mkono huo unaweza kuwa umeshika fimbo.

Punda, ng'ombe na gobore

Achana na farasi. Punda wa hapa amezoea barabara, minada na kelele. Ila usimpande mtu mzima: punda wa kawaida ana kilo 150 hivi, na theluthi ya uzito wake, kama kilo 50, ndiyo mzigo wa haki. Mpakie madumu matupu, yanaonekana makubwa na hayana uzito. Kodi wawili hata kama hadithi inamtaka mmoja, kwa sababu punda aliyetengwa na mwenzake atalia kutwa na sauti yako itaharibika. Yule wa pili mfunge nyuma ya kamera, mahali anapoonekana na mwenzake.

Kundi la ng'ombe linatengenezwa kwa hila. Chukua 8, kamera chini, wapite kati ya migunga miwili, kisha mchungaji awazungushe nyuma ya kamera warudi kupita tena. Katika vumbi hakuna anayehesabu, ila mwenye mabaka ya pekee abaki nje. Mwenye mifugo awepo muda wote, na maji ya ng'ombe yawe kwenye bajeti: lita 30 hadi 40 kwa kila mmoja kwa siku ya kiangazi. Watu, lita 4 kila mmoja.

Silaha. Oktoba 2021, kwenye seti ya kauboi huko New Mexico, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa na risasi ya kweli iliyokuwa ndani ya bastola iliyodhaniwa haina kitu. Kwa hiyo silaha halisi isifike kwenye seti, hata ikiwa tupu, hata kwa pozi moja, wala risasi za mlio tu. Chonga gobore la mti mzima, lipake masizi na nta. Usitumie bomba la chuma, maana magobore ya kienyeji hutengenezwa kwa bomba na askari anayekuona kwa mbali hana namna ya kujua lako ni la kuigizia. Moshi wa mtutu unatoka kwenye poda ya talki, vijiko 2 ndani ya mrija, ukisukumwa na pampu ya baiskeli. Hakikisha ni talki. Poda ya wanga na unga wa ngano vikitimka karibu na moto vinalipuka. Mlio na mweko weka wakati wa kuhariri.

Damu ni sukari vikombe 2 kwa maji kikombe 1, chemsha mpaka inate, tia rangi nyekundu ya chakula kijiko 1 na kakao nusu kijiko ili isiwe na rangi ya soda. Ipake dakika ya mwisho kabisa. Nzi wa Dodoma hawasubiri ukisema anza.

Mavazi ya mtumba yazeeshwe: msasa kwenye magoti, viwiko na ukingo wa pama, kisha loweka usiku mmoja kwenye chai ya rangi iliyokolea, anika juani. Buti ni nzuri, lakini katambuga za tairi zina alama yake mchangani, na alama hiyo inaweza kukupa pozi zima.

Nusu dakika na mita 40

Sasa pambano. Picha nyingi zinaiga bastola mbili zinazochomolewa kwa kasi. Gobore lina kitu bora kuliko kasi: linapiga mara moja, halafu kulijaza upya kunamchukua mtu mwenye mazoea karibu nusu dakika. Kwa mwendo wa mita 80 kwa dakika, nusu dakika ni mita 40. Kwa hiyo simamisha mzee na kijana mita 40 wakitazamana. Mzee anapiga, anakosa. Kijana ana fimbo tu. Anaanza kutembea. Hakimbii. Mzee anashika pembe ya baruti. Mtazamaji aliyeona mwanzoni mzee akijaza gobore lake polepole barazani atajihesabia mwenyewe, bila kuambiwa neno. Kwa hiyo lile pozi la barazani ni la lazima, na liwe sekunde 30 kamili bila kukatwa. Ukilisahau, pambano halina maana.

Namna ya kulipanga uwanjani: nyosha kamba kutoka kaskazini kwenda kusini, mita 40, mzee kaskazini na kijana kusini. Kamera zote zikae mashariki ya kamba, jioni, zikitazama magharibi. Jua litakuwa nyuma ya watu na kila chembe ya vumbi itawaka; ukisimama magharibi, vumbi lile lile halionekani. Tena upepo wa kiangazi hapa huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo vumbi linakimbia lenzi badala ya kuifuata. Ukivuka kamba na kamera, wote wawili watakuwa wanatazama upande mmoja na mtazamaji atachanganyikiwa bila kujua kwa nini. Kamba iondolewe kabla ya kupiga. Kila mara kuna mtu anaisahau.

Tumia jioni mbili. Ya kwanza kwa pozi pana na mwendo wa kijana, ya pili kwa nyuso. Pozi za mikono, yaani pembe, ufito wa kushindilia, fataki (kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti) kati ya vidole, piga mchana chini ya kivuli cha shuka, maana hazionyeshi anga. Ndani ya pembe weka mkaa uliosagwa.

Mpangilio wa mezani, wakati wa kuhariri, uwe kama hivi. Kabla ya mlio, nyoosha muda unavyotaka: pozi pana sekunde 12, miguu ya kijana 6, mkono wa mzee 5, macho 4, macho 3, kufuli likitikiswa na upepo 3. Mlio. Baada ya mlio muda uwe wa kweli, sekunde 30, usiunyooshe wala kuufupisha. Kijana anakuja, sekunde 6. Mkaa unamwagika pembeni ya mtutu, 4. Kijana, 5, amekuwa mkubwa kwenye fremu. Ufito unakwama, 4. Fimbo ikigusa ardhi kila hatua, 3. Fataki inaanguka mchangani, vidole vinaipapasa, 4. Kivuli cha pama kinafika kwenye mikono ya mzee, 4, kimya kabisa. Kinachofuata ni cha hadithi yako, lakini kiwe kwenye pozi pana, kichukue chini ya sekunde 2, kisha kamera ikae sekunde 10 bila kufanya lolote.

Kosa linalorudi kila mara ni mwigizaji wa kijana kuongeza mwendo katikati kwa sababu ya hamasa. Mpe wimbo wa kuhesabu moyoni, au mwekee vijiwe kila mita 4, hatua 6 kati ya kijiwe na kijiwe.

Upepo unaokula sauti

Upepo unaopendeza machoni unaua maiki. Maiki ya kubana shatini ifiche chini ya kola, uivalishe kipande cha kitambaa cha manyoya, hata cha blanketi la mtoto. Ile inayoshikwa kwenye mti mrefu isogee mpaka nusu mita kutoka mdomoni. Kila eneo, kabla ya kuondoka, wote wanyamaze dakika 2 urekodi mahali penyewe pakiwa patupu. Bila hiyo, kila ukikata neno sauti itakatika na kurudi kama redio mbovu.

Sauti ndogo zirekodi baadaye chumbani: katambuga kwenye trei ya changarawe, mnyororo wa funguo, bawaba, mpini unaochongwa. Kwato zinatoka kwenye vifuu viwili vya nazi vilivyofunikwa kitambaa, na nazi soko la Majengo hazikosekani.

Muziki usianze kabla ya dakika ya 3. Usichukue filimbi na gitaa za Kitaliano, kila mtu ameshazisikia. Ugogo ina zeze, ina ilimba ya kupigwa kwa vidole gumba, ina ndono, ule upinde wenye kibuyu, na marehemu Hukwe Zawose alishaionyesha dunia kwamba sauti hizo zinaweza kujaza ukumbi bila msaada. Zeze moja likikwaruza noti moja kwenye ule mwendo wa mita 40 linatosha. Mpigaji mlipe, mwandikiane, hata kama ni jirani.

Karatasi

Kibali cha kupiga kinatoka Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976, na picha ikikamilika inarudi kwao kukaguliwa na kupangiwa daraja. Kijijini anza kwa mwenyekiti na mtendaji, ukiwa na barua. Polisi wapelekee taarifa ya maandishi yenye picha ya gobore la mti, tarehe na mahali. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na Dodoma ni makao makuu ya nchi: Bunge na Ikulu ya Chamwino usizisogelee kwa droni hata ukiwa na kibali cha kijiji kizima. Kupiga kwenye stesheni au relini omba kwa shirika la reli. Reli ya zamani ya mita moja, iliyofika Kigoma 1914, ndiyo inayofaa. Ya SGR, ile mpya ya treni za umeme, ina nyaya za umeme juu, na hakuna kauboi anayeonekana kauboi chini ya nguzo zile.

Mezani, halafu kibandani

Wakati wa kuhariri kishawishi ni kukata pozi ndefu kwa sababu umezitazama mara mia. Mtazamaji anaitazama mara moja. Acha mtu avuke fremu mpaka atoke. Ila kumbuka wengi watatazama kwenye simu: kwenye pozi pana, mtu anayebeba hadithi asiwe chini ya sehemu moja ya kumi ya urefu wa kioo, isipokuwa anatembea, maana jicho hukamata kinachosogea. Rangi usiivute kwenye chungwa. Udongo wa hapa unajitosheleza.

Nakala mbili za mafaili ziwe kwenye diski mbili, zilale nyumba mbili.

Kisha peleka rasimu kibanda umiza siku ya mnada, watu wakiwa wamejaa. Kaa nyuma, usitazame kioo, tazama migongo. Andika muda kila unapoona mwanga wa simu umewaka gizani. Zikiwaka simu tatu mahali pamoja, hapo pana pozi la kukata au neno lililozidi. Kwenye ile nusu dakika ya mzee na pembe, sikiliza kama kuna anayehesabu kwa sauti au kumfokea mzee ashindilie haraka. Kama hakuna, tatizo haliko pale kwenye pambano. Rudi kwenye pozi la barazani, uone kama uliikata ile sekunde 30.